Kipi Kisimame? Historia ya Kupima Mahali na Mwendo katika Uwanda wa Makonde

Katika fizikia, mwendo ni badiliko la mahali pa kitu kadiri muda unavyopita, na mahali pa kitu chochote hapaelezeki mpaka kwanza kichaguliwe kitu kingine cha kuhesabia umbali na mwelekeo. Kitu hicho kilichochaguliwa, ambacho kwa ajili ya kipimo huchukuliwa kuwa kimetulia, pamoja na mihimili inayotokea hapo na saa inayopima muda, ndicho kinachoitwa mfumo rejea. Na mwendo wa kitu kimoja unaoelezwa kwa kukilinganisha na kingine huitwa mwendo linganishi. Vitabu vya shule hufundisha mambo haya kwa treni zinazopishana na lifti zinazopanda, kana kwamba ni maarifa yaliyozaliwa katika miji mikubwa ya mbali. Historia ya uwanda wa Makonde, kuanzia mbuga zenye milima ya mawe ya Masasi hadi ukingo wa Newala na bonde la Kitangari, yatosha kuonyesha kwamba kila aliyekaa huko au kupita huko alilazimika kujibu swali lile lile la wanafizikia, yaani ni kipi kisimame ili vingine vihesabiwe kuwa vinakwenda.

Uwanda huo umelazwa kati ya bonde la Mto Lukuledi upande wa kaskazini na bonde la Mto Ruvuma upande wa kusini. Upande wa magharibi hukatika ghafla kwa mteremko mkali ulio juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 700, kisha ardhi hushuka polepole kuelekea pwani ya Mikindani na Lindi. Udongo wake ni wa kichanga na hunywa mvua upesi, kwa hiyo maji hayatuami juu bali hupenya chini na kutokeza kwenye miteremko na mabondeni. Wamakonde walikaa juu, ambako vichaka vizito viliwapa kinga dhidi ya wavamizi na wafanyabiashara ya watumwa, wakakubali gharama ya kuyafuata maji chini. Kwa karne nyingi, kwa hiyo, mfumo rejea wa maisha ya kila siku ulikuwa ukingo wenyewe: kulikuwa na juu panapokaliwa na chini panapotekwa maji, na umbali ulihesabiwa kwa muda na jasho la safari, si kwa urefu wa mstari. Njia ile ile ilikuwa fupi kwa mwanamke anayeshuka na mtungi mtupu, na ndefu kwa yule yule anapopanda akiwa na mzigo. Mwanafizikia atasema kwamba urefu wa njia haukubadilika na kwamba kilichobadilika ni kazi iliyofanywa dhidi ya mvutano wa dunia. Naye atakuwa sahihi, ila amechagua kipimo kingine, na kipimo cha wachota maji kilieleza kwa ukamilifu jambo walilohitaji kulijua.

Pwani, chini ya mteremko mrefu wa mashariki, manahodha walikuwa na swali gumu zaidi, kwa sababu chombo chao kilielea juu ya kitu ambacho nacho kilikuwa kinakwenda. Sandarusi, mpira wa porini, ufuta na pembe za ndovu kutoka bara ya Makonde, na kwa miaka mingi ya huzuni watu waliotiwa utumwani, vilipakiwa Mikindani na Lindi katika majahazi yaliyotegemea pepo za kaskazi na kusi. Bahari iliyo mbele ya mdomo wa Ruvuma ina tabia ya pekee: mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki hufika pwani ya Afrika karibu na Rasi Delgado, takribani katika latitudo ile ile ya Kitangari, na hapo hugawanyika, tawi moja likipanda kaskazini kufuata pwani ya Tanzania na Kenya, jingine likishuka kusini kuingia Mlango wa Msumbiji. Tawi la kaskazini hupata nguvu wakati wa kusi, na mwendo wake hupita mita 1 kwa sekunde.

Hesabu yake ni nyepesi, na ndiyo kiini cha somo lote. Jahazi linaloyakata maji kwa mita 3 kwa sekunde likielekea kaskazini, juu ya mkondo unaokwenda kaskazini kwa mita 1 kwa sekunde, huiacha minazi ya pwani kwa mita 4 kwa sekunde. Likigeuka kusini kwa nguvu ile ile ya upepo, huiacha kwa mita 2 tu. Baharia anayetazama povu ubavuni mwa chombo huona mwendo ule ule katika safari zote mbili, kwa kuwa mfumo rejea wake ni maji, ilhali aliyesimama Msimbati ufukweni huona tofauti kubwa. Hakuna kati yao aliyekosea. Nahodha mzuri alikuwa ni yule aliyeweza kuishika mifumo yote miwili kichwani kwa wakati mmoja, akijua kwamba chombo huongozwa kwa habari za maji lakini mwamba humngoja katika habari za nchi kavu.

Pale nchi kavu isipoonekana, nyota zilichukua nafasi yake. Ahmad ibn Majid, mwanamaji wa Uarabuni aliyeandika katika karne ya 15, alitunga kazi inayoitwa al-Sufaliyya kuhusu njia za pwani hii hadi Sofala, na elimu aliyoirithi na kuiendeleza ilipima kimo cha nyota juu ya upeo wa macho kwa kipimo cha vidole, kwa kutumia kibao chenye kamba kiitwacho kamal. Kusini mwa ikweta nyota ya kaskazini huzama chini ya upeo, kwa hiyo mabaharia wa upande wa Kilwa na Mikindani walilazimika kutegemea nyota nyingine. Waliihesabu dunia kuwa imetulia na mbingu kuwa ndizo zinazozunguka, na njia zao hazikupotea kwa sababu hiyo, kwani kwa kazi ya kutafuta latitudo mifumo yote miwili, ule wa mbingu inayozunguka na ule wa dunia inayozunguka, hutoa jibu moja.

Ni vyema kukumbuka hapa kwamba Galileo Galilei alipotaka, katika kitabu chake cha mwaka 1632, kuwajibu waliosema kwamba dunia haiwezi kuwa inakwenda kwa kuwa watu wangeuhisi mwendo wake, aliwaingiza wasomaji wake ndani ya chumba kilichofungwa cha merikebu. Alieleza kwamba chombo kikienda kwa mwendo usiobadilika wala kuyumba, matone yatadondoka wima na wadudu wataruka pande zote sawasawa, na hakuna jaribio la ndani ya chumba hicho litakalomwonyesha abiria kama merikebu inakwenda au imetia nanga. Isaac Newton aliijenga kanuni hiyo ndani ya sheria zake za mwendo mwaka 1687. Mkazi wa Kitangari, kwa mzunguko wa dunia kwenye mhimili wake, huchukuliwa kuelekea mashariki kwa mwendokasi wa takribani mita 457 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na embe lililoiva huanguka chini ya mwembe wake kwa sababu mti, tunda, hewa na mkazi vyote vinashiriki mwendo huo.

Kanuni ya Galileo, hata hivyo, ina mpaka wake. Mfumo rejea unaozunguka si sawa na ule unaokwenda kwa mstari ulionyooka, na dunia kwa kuwa inazunguka huacha alama. Upepo wa kusi, unaovuma kutoka kusini-mashariki ufikapo pwani ya Mtwara, hupindwa baada ya kuvuka ikweta na kufika Uarabuni ukitokea kusini-magharibi. Kwa mtazamaji aliyeko duniani huonekana kama kuna nguvu inayousukuma ubavuni, inayoitwa nguvu ya Coriolis. Kwa mtazamaji wa kufikirika aliye nje ya dunia nguvu hiyo haipo, ila kuna ardhi inayogeuka chini ya hewa inayokwenda njia yake. Biashara yote ya majahazi kati ya Oman na Uswahilini iliendeshwa na upepo ambao maelezo yake hubadilika kwa kubadilisha mahali pa kusimama.

Katika karne ya 19 waliingia watu waliokuja na kitu kipya cha kukisimamisha, nacho kilikuwa mbali sana na uwanda. David Livingstone alishuka katika ghuba ya Mikindani mnamo Machi 1866 na kuelekea bara kwa kufuata Ruvuma, chini ya ukingo wa kusini wa uwanda wa Makonde. Alichukua kronomita, yaani saa za usahihi mkubwa zilizobeba wakati wa Greenwich nchini Uingereza. Longitudo, ambayo ni umbali wa mashariki au magharibi, ilipatikana kwa kulinganisha wakati wa jua la mahali alipo na wakati wa Greenwich uliomo ndani ya saa. Na kwa kuwa dunia hugeuka nyuzi 15 kwa saa moja, kosa la sekunde 4 tu katika saa huhamisha mahali kwenye ramani kwa kilomita 1.8 hivi katika latitudo hizi. Mwaka 1867, mbali magharibi, mpagazi aliyebeba kronomita aliteleza akaanguka, saa zikaharibika mwendo wake, na longitudo zilizoandikwa baadaye zikapotoka kwa makumi ya kilomita. Nchi nzima ilisogea kwenye karatasi kwa sababu mfumo rejea wake ulibebwa kichwani mwa mtu na ukadondoshwa matopeni.

Wamisionari wa Universities' Mission to Central Africa walifika Masasi mwaka 1876 wakiongozwa na Askofu Edward Steere, na baada yao wakaja watawala. Hati iliyotiwa saini na Ujerumani na Ureno tarehe 30 Desemba 1886 iliufanya Mto Ruvuma kuwa mpaka, kutoka mdomoni hadi unapokutana na Mto Msinje, na kutoka hapo mpaka ukafuata mstari wa latitudo hadi Ziwa Nyasa. Mpaka mmoja ulijengwa hivyo kwa mifumo rejea miwili isiyofanana hata kidogo, mmoja ukiwa ni maji yanayohama kitanda chake kila mafuriko yajapo na kuacha visiwa vya mchanga upande huu au ule, na mwingine ukiwa ni mstari usioonekana, unaohesabiwa kutoka ikweta, ambao hakuna mkazi aliyewahi kuukanyaga akijua. Mwaka 1894 Wajerumani walikalia Kionga, kusini mwa mdomo wa mto, na makubaliano ya mwaka huo yakaweka mpaka wa hapo kwenye latitudo ya nyuzi 10 na dakika 40 kusini. Mstari huo ukiendelezwa magharibi hupita sehemu ya kaskazini ya uwanda, upande wa Kitangari. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliirudisha Kionga kwa Ureno, na mstari ukafutika kama mpaka. Wamakonde, Wamakua na Wayao waliokuwa na ndugu kwenye kingo zote mbili za Ruvuma walikuwa na njia zao za kuijua nchi hiyo, na hakuna aliyewauliza. Udhalimu huo haukuwa katika hesabu ya latitudo, ambayo ni hesabu safi, bali katika kudai kwamba kuna mahali pamoja tu pa kuhesabia.

Ushahidi mzuri wa njia nyingine ya kupima umehifadhiwa, kwa bahati, na mtu aliyetoka upande wa watawala. Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alisafiri mwaka 1906 kutoka Lindi hadi Masasi, Newala na Mahuta, na katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1908 alichapisha michoro ya Waafrika aliosafiri nao. Mmoja wao alikuwa Pesa Mbili, mnyapara wa wapagazi wake kutoka Unyamwezi, aliyechora njia kuu ya misafara na vituo vyake. Katika ramani ya namna hiyo hakuna ikweta wala Greenwich, kwani kinachosimama ni njia yenyewe, na mahali hujulikana kwa mpangilio wake: baada ya kambi fulani, kabla ya mto fulani. Mfumo rejea wake ni msafiri anayekwenda, na nchi ndiyo inayompitia, kituo baada ya kituo. Kuiita ramani hiyo jaribio duni la kuchora ramani ya Kizungu ni kukosa kuisoma. Kwa mpagazi mwenye mzigo begani, anayehitaji kujua ni siku ngapi zimebaki kabla ya maji, ilibeba habari ambazo ramani ya latitudo na longitudo haikuwa nazo.

Miaka michache baadaye, katika kilima cha Tendaguru kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, yalichimbwa masalia yaliyokuja kutikisa hata wazo kwamba nchi kavu yenyewe imetulia. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, ukiongozwa mwanzoni na Werner Janensch na Edwin Hennig, na kazi ya uchimbaji ikisimamiwa na Boheti bin Amrani pamoja na mamia ya wafanyakazi wa nchi hiyo, ulitoa zaidi ya tani 200 za visukuku vya dinosaria walioishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Wapagazi walivibeba hadi Lindi kwa miguu, na mifupa ya mnyama mkubwa kuliko wote kati yao, Giraffatitan, imesimamishwa Berlin hadi leo. Baadhi ya wanyama hao walifanana sana na wale waliochimbwa magharibi mwa Marekani, ng'ambo ya bahari pana. Mwaka 1912, uchimbaji ukiwa bado unaendelea, Alfred Wegener alitangaza Ujerumani nadharia yake kwamba mabara yaliwahi kuungana na kisha yakaachana. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kukubaliwa.

Leo inajulikana kwamba wakati dinosaria wa Tendaguru walipokuwa hai, Madagaska ilikuwa inajitenga na Afrika na kuteleza mbele ya pwani hii hii, na kovu la mtelezo huo limo chini ya bahari mashariki ya Mtwara, katika ukingo wa mwamba uitwao Davie. Vitabu huandika kwamba Madagaska ilikwenda kusini. Kauli hiyo ni kweli kwa anayeisimamisha Afrika, na anayesimama Madagaska ana haki sawa ya kuandika kwamba Afrika, na uwanda wa Makonde ndani yake, ilikwenda kaskazini. Hakuna nanga ya tatu iliyotiwa chini ya mabara yote ambayo ingeamua nani kati yao alikuwa ametulia, na anayetaka kuwapima wote kwa pamoja hana budi kuunda mfumo mwingine kwa makubaliano.

Wapimaji wa ardhi wa karne ya 20 waliunda mifumo ya namna hiyo kwa uvumilivu mkubwa. Mnyororo wa pembetatu uliopimwa kufuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki, wazo lililotolewa na David Gill mwaka 1879, ulianzia kusini mwa Afrika, ukapita magharibi ya Tanganyika, na ukakamilika mwaka 1954. Kutokana na mnyororo huo, ambao hesabu zake zilianzia Buffelsfontein nchini Afrika Kusini, ilitengenezwa datumu ya Arc 1960, yaani umbo la dunia lililokubaliwa pamoja na mahali pake pa kuanzia, na ramani za Tanzania, Kenya na Uganda zikachorwa juu yake. Hizo ndizo zilikuwa zana za nchi mpya. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 ulianzishwa mradi wa kuyapandisha maji kwa pampu hadi juu ya uwanda, ambao visima vyake vya Mitema viko upande wa Kitangari, na kwa mara ya kwanza maji yalianza kuwafuata watu.

Kisha zikaja setilaiti. Mfumo wa GPS hupata mahali kwa kupima muda ambao mawimbi ya redio huchukua kutoka setilaiti zilizo umbali wa takribani kilomita 20,200 juu ya dunia, kwa hiyo kila setilaiti ni kronomita iliyobebwa kwa mwendokasi wa karibu kilomita 3.9 kwa sekunde. Albert Einstein alionyesha mwaka 1905 kwamba muda nao hutegemea mfumo rejea, na baadaye kwamba mvutano pia huubadilisha. Mwendo huzichelewesha saa za setilaiti kwa mikrosekunde 7 kila siku, na udhaifu wa mvutano kule juu huziharakisha kwa mikrosekunde 45; jumla yake ni kuwahi kwa mikrosekunde 38, ambazo zisiporekebishwa zingezaa kosa la zaidi ya kilomita 10 kwa siku moja. Saa ya Livingstone iliharibiwa na utelezi, na hizi zingeharibiwa na maumbile ya muda wenyewe, lau kama rekebisho lake lisingejulikana kabla hazijarushwa.

Chombo cha GPS kilichowekwa juu ya nguzo ya mpaka iliyopimwa kwa Arc 1960 husoma namba zinazotofautiana na zile za zamani kwa takribani mita 300, ingawa nguzo haikuhama hata unywele. Tofauti yote imo katika mfumo rejea, na afisa ardhi anayechanganya ramani za mifumo miwili aweza kumhamisha mkulima kutoka shamba lake la mikorosho bila kunyanyua jembe. Kwa sababu hiyo Tanzania ilianzisha mfumo wake mpya uitwao TAREF11, uliofungwa kwenye mfumo wa kimataifa.

Vipimo hivyo hivyo ndivyo vilivyofichua mwendo wa uwanda wenyewe. Elifuraha Saria wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2014 hesabu za mwendo wa Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, ambamo Afrika Mashariki imegawanyika katika mabamba kadhaa, na moja kati ya hayo, lililobeba kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, limepewa jina la mto, bamba la Rovuma. Likilinganishwa na bamba kubwa la Nubia lililoko magharibi, Rovuma huzunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa, huku jirani yake wa kaskazini, bamba la Viktoria, akizunguka kinyume chake. Tofauti ya mwendo kati yao ni milimita chache tu kwa mwaka. Likilinganishwa na mfumo wa kimataifa unaotumiwa na setilaiti, kila kitu hapo, Masasi, Newala na Kitangari, huelekea kaskazini-mashariki kwa sentimita 2 hadi 3 kila mwaka. Tangu hati ya 1886 itiwe saini, kingo zote mbili za Ruvuma zimesogea pamoja kwa zaidi ya mita 3 katika mfumo huo, na mpaka ulio kati yao haukuhisi chochote. Ndiyo maana namba za mahali katika mfumo wa kimataifa huandikwa pamoja na tarehe, kwa kuwa namba sahihi za nguzo ya Newala za mwaka 2011 si sahihi kwa nguzo ile ile ya mwaka huu.